Mstari Mmoja kwa Jiwe la Kirumbi

"Laki tisa za jiwe tuligawana sawasawa, laki tatu kila mtu, na hakuna aliyenung'unika," alisema Mghoi. "Sasa kwenye jina ndipo mnataka kunipunja?"

Alikuwa amesimama mlangoni pa kibanda cha Shake, mkata vito. Mezani palikuwa na fomu ya maabara. Jiwe lao lilikuwa la aina ambayo haijaandikwa popote, na fomu ilikuwa na mstari mmoja tu: jina la jiwe, na asili ya jina hilo. Pesa hugawanyika. Mstari ule haugawanyiki.

Mwandoe alikuwa na mikono. Wenzake walihama kilima cha Kirumbi, yeye akachimba miezi minane mpaka akalifikia jiwe. Ila kule shimoni alilitazama kwa mshumaa, akaliona jekundu kama yale yasiyo na thamani, akalitupa kwenye kifusi. Alitaka liitwe kirumbaiti. Jiwe, alisema, huitwa kwa kwao.

Mghoi alikuwa na jicho. Kazi yake ni kupekua kifusi juani, na kokoto analolitilia shaka hulilamba, maana mate huondoa vumbi na kutoa rangi. Lile alilotupa Mwandoe lilitoka kijani. Kulamba alifundishwa na marehemu mama yake, Samba, aliyepekua vifusi vya kilima kile kile miaka ishirini na sita asipate hata cha kununulia viatu. Alitaka liitwe sambaiti, ili mama abaki mahali.

Shake alikuwa na akili. Alilitazama mlangoni, kijani. Akaingia nalo ndani penye mshumaa, jekundu. Mwingine angedhani amebadilishiwa. Yeye alilikata siku kumi na moja, mpaka likawa linageuka waziwazi.

"Kinyongaiti," alisema. "Jina liseme jiwe linafanya nini. Mama yako, dada, hakuligusa."

"Na wewe kilima hukukipanda," Mghoi akamjibu. "Mwandoe naye alilitupa."

Mwandoe akauliza, asingelitupa, Mghoi angeliokota wapi? Hata Mghoi alikaribia kucheka. Kalamu ikabaki pale pale.

Hakuna mwongo kati yao. Ondoa mmoja, na jiwe lingali changarawe.

Haya, fomu iko mbele yako wewe. Ungeandika lipi, la kilima, la mama, au la kinyonga? Usiniambie yote matatu. Hadithi nimekupa nzima, sikubakiza kitu. Nipe jina moja.