Mtoto Aliyeitwa Isale

Sogeeni, wajukuu, sogeeni, ndizi bado zinachemka. Zamani, zamani ya zamani, mlima wetu ulipokuwa ukishuka asubuhi kuamsha watu kwa ukungu wake, palikuwa na nani? Itikieni: palikuwa na watu! Ehee, palikuwa na watu.

Palikuwa na ndugu wawili, tumbo moja, ziwa moja. Mkubwa Kiwia, mdogo Ndewira. Kiwia anakaa juu, Ndewira anakaa chini, na mfereji wa maji unatoka kwa Kiwia unateremka, unateremka, unaimba kwenye migomba mpaka kwa Ndewira. Mpakani yamesimama masale. Isale si mnalijua, lile jani refu pale uani? Basi hilo ni mpaka, tena ni msamaha. Ukimkosea mtu, unachuma jani la isale unampelekea. Hata awe amevimba kwa hasira, hawezi kukukatalia.

Siku moja wakagombana. Waligombania nini? Maji! Huyu zamu yangu, yule zamu yangu. Ndewira hasira zikampanda, akashika panga, akafyeka masale yote. Masale, wanangu! Nyie mnacheka; siku ile hata ndege walinyamaza.

Kiwia hakupiga kelele. Alichukua udongo na magome ya mgomba, akaziba mfereji. Basi.

Sasa Ndewira alikuwa na mke, Mkunde, mjamzito. Mkunde akaona migomba inakauka, inakauka. Akilala anaota maji yanaimba; akiamka, kimya. Mtoto akazaliwa, wa kiume, analia, na kifuani kwa mama maziwa hakuna.

"Baba, nenda kwa kaka yako," Mkunde akamwambia mumewe.

"Niende na nini? Nani atapokea isale mkononi mwa mtu aliyelifyeka?"



Asubuhi moja ukungu ukaingia ndani mpaka kitandani. Mkunde, hajalala, hajaamka, akaona mtoto wake amesimama mpakani, mrefu, mwembamba, wa kijani, umande unamdondoka vidoleni. Upepo unampepea huku na huku, wala haanguki. Alipofumbua macho, jina lilikuwa mdomoni. Akamfunga mtoto mgongoni, akapanda kwa Kiwia. Akapanda, akapanda, na ukungu unapanda naye.

"Shemeji, nimekuja kuomba msamaha."

"Isale liko wapi? Naona mikono mitupu."

Mkunde akageuka, akamwonyesha mgongo. "Hili hapa. Ndilo jina lake. Isale."

Kiwia akasogea karibu. Akamtazama mtoto, midomo imekauka. Atakataaje isale? Lakini naye mjanja yule!

"Shemeji, wewe ulifyeka nini?"

"Mimi? Sikufyeka kitu."

"Basi mwenye kosa yuko wapi?"

"Yuko nyuma ya mgomba wako pale, amenifuata kwa kujificha."

"Namwona. Miguu ile naijua tangu tunachunga mbuzi. Mwambie amwite mtoto yeye mwenyewe."

Kule nyuma ya mgomba kukatoka kisauti: "Isale..."

"Nani huyo, panya?"

"Isale."

"Mimi nimezeeka, sisikii!"

Ndewira akatoka mbele yao, mtu mzima, machozi yanamtiririka. "Isale! Kaka, Isale! Nilifyeka mimi!"

Kiwia akamtemea mtoto mate ya baraka kwenye paji la uso, akashuka mferejini, akazibua kwa mikono yake. Maji yakateremka, yakateremka, yakaanza kuimba. Mkunde akapiga magoti akanywa, akanywa, mpaka maziwa yakamrudia. Masale? Ndewira aliyapanda upya, moja moja, kaka yake amesimama anamkosoa: "Hilo limepinda!"

Habari ikaenea. Loo! Kila nyumba ikataka Isale wake. Ukiita Isale mtoni, wanageuka watoto wa mlima mzima. Mtu anaachia mbuzi shambani kwa jirani asubuhi, jioni anamtuma mtoto: "Nenda Isale, kaniombee." Yeye amekaa kwake anakunywa mbege, pombe yake ya ndizi! Wenye mashamba wakachoka. Wakasema, kuanzia leo mtoto hapewi jina hili mpaka mwenye kosa aende mwenyewe, alitamke mwenyewe, mbele ya aliyemkosea. Wee! Mnadhani walijitokeza wangapi? Jina likaadimika, likaadimika, kama mnavyoliona leo.

Na wewe, Isale, uliyejibanza hapo kwa dada yako. Wanakucheka shuleni kwamba una jina la jani? Waache. Baba yako na baba yako mkubwa walikuwa hawapeani hata moto wa jikoni. Ulipozaliwa, baba yako alisimama pale pale mlangoni kwa kaka yake akaliita jina lako, nami nikasikia kwa masikio yangu. Leo ndizi hizi zimetoka shamba la nani? La baba mkubwa.

Basi, wanangu, ukikosea, peleka mdomo wako mwenyewe. Usitume mtu.

Kisa changu nakitua hapa karibu na mafiga. Atakayekihitaji akichukue kingali na joto. Haya, leteni sahani.