Blanketi la Mzee Sekiete

Hapo zamani, na si zile za wanyama kusema, ni zamani za juzi tu, maana mablanketi ya dukani yalikuwa yameshapanda milimani, palikuwa na nyumba moja juu ya kilima. Wenye nyumba hiyo hawakuponya mtu. Msinikodolee macho, nasema kweli. Hospitali ikishanyoosha mikono, mgonjwa alipelekwa pale aoshwe, alishwe, apunguziwe maumivu na asife peke yake. Watu waliiita Nyumba ya Kilimani, na kila walipoitaja walishusha sauti.

Sasa niambieni, nyumba kama hiyo utapimaje ubora wake? Hospitali huhesabu waliopona. Pale hakupona mtu. Basi wakabuni kipimo chao wenyewe. Kila mgonjwa alikuja na blanketi lake kutoka kwao. Akishazikwa, yule aliyekuwa karibu naye zaidi alilileta blanketi mbele ya watu wote, akamvika mabegani mtunzaji aliyemtunza marehemu kuliko wenzake. Huvikwa mmoja tu, hakuna kugawana. Na ndugu wakiona mtu wao hakutunzwa, walilikunja blanketi wakarudi nalo nyumbani, kimya kimya. Hawakuhitaji kusema neno. Siku hiyo hiyo kijiji kizima kilikuwa kimeshajua, na wagonjwa walikoma kuletwa.

Haya. Palikuwa na mwanamke jina lake Naetwe, binti wa Mzee Sekiete. Mzee alikuwa na saratani ya mifupa, na hospitali ilikuwa imeshamrudisha nyumbani. Naetwe akasema, "Nampeleka Kilimani." Baba yake mdogo akaja juu kama moto wa mabua.

"Unamtupa kaka yangu! Akiwa hai unamtupa!"

"Baba mdogo, atakayemgeuza kitandani na kumwosha ni nani? Wewe?"

Baba mdogo akaanza kutafuta kitu alichokidondosha chini. Hakukiona, kwa kuwa hakukuwepo kitu. Mwishowe akasema, "Mpeleke basi. Lakini asiambiwe kwamba hatapona. Aambiwe anapumzishwa tu." Naetwe akakubali. Akawaagiza wote wa nyumba ile, na wote wakaitikia.

Waliomtunza Mzee walikuwa watatu. Damari alimlisha. Foibe, ambaye ndiye nesi, alimpa dawa. Elinami, mwanamume mwenye mgongo mpana, alimwosha na kumgeuza. Juu yao alikuwapo Mama Mzava, mkuu wa nyumba, mwenye funguo zote kiunoni. Na Mama Mzava alikuwa ametangaza kwamba anang'atuka. Atakayevikwa blanketi linalofuata, alisema, ndiye atakayepewa funguo. Hakueleza kwa nini anaondoka, na hakuna aliyethubutu kumwuliza.

Mzee akawa kila asubuhi anasema, "Nikipona nitapanda tangawizi kule bondeni." Elinami akasema, "Naam, baba." Foibe akasema, "Naam, baba." Naetwe naye akasema, "Naam, baba," huku ameuma midomo.

Asubuhi moja Damari aliweka chini bakuli la uji.

"Baba, hutapanda tangawizi."

"Kwa nini, mwanangu?"

"Kwa sababu hutapona. Nimeshindwa kukudanganya tena. Nisamehe."

Naetwe alikuwa mlangoni. Alitamani amrukie Damari amzibe mdomo, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Mzee akageukia ukutani. Mabega yakamtikisika, akalia kilio cha mtu mzima, kile kisicho na sauti. Kisha akajifuta uso kwa blanketi na kusema neno ambalo hakuwa amelitamka kwa miaka.

"Kajiru. Niitieni Kajiru."

Kajiru alikuwa mwanawe wa kwanza. Mama yao alipofariki, Kajiru alikuwa kazini mbali, akaletewa habari, akakaa asije kuzika. Kwa nini, hata yeye hakuweza kueleza vizuri. Mzee akamwambia, "Usikanyage hapa nikiwa napumua." Na Kajiru hakukanyaga. Sasa katika ukoo ule, baba akikaribia kufa humtemea mwanawe wa kwanza mate kidogo kiganjani, mwana akafumba ngumi, na yote yaliyokuwa kati yao yakaisha. Mate hayo hutolewa mara moja. Kiganja kisichoyapata hubaki kikavu, na mwenye kiganja kikavu hawezi kuketi na ukoo wala kuwabariki wanawe mwenyewe.

Naetwe akampelekea kaka yake salamu: njoo upesi, baba anakuita. Lakini tangu asubuhi ile Mzee hakugusa tena uji. Hakusema amekasirika. Alifunga mdomo tu. Baba mdogo alipokuja kumwona akamnyooshea Damari kidole: "Umemuua kwa ulimi."

Kisha maumivu yakapanda. Foibe akaja na ile dawa ya maji inayotuliza. Mzee akamshika mkono.

"Nesi, usinipe. Ukinipa nitalala, na mwanangu atanikuta gogo. Niache niumie, lakini niwe macho."

Foibe akarudi nayo. Maumivu yakazidi, akaja tena. Mzee akakataa. Yakazidi tena, na safari hii Mzee alilitia blanketi mdomoni akaling'ata hadi pembe yake ikatoboka. Akawa halijui jina la Naetwe. Akawa halijui hata lake. Foibe akasimama na kijiko mkononi. Foibe hakumwuliza Mzee wala Naetwe. Mzee alikuwa amekaza midomo. Foibe akangoja mpaka alipoifungua kupiga ukelele, akamimina.

Ukelele ukakatika, Mzee akalala. Naetwe alishukuru na akachukia, vyote kwa pamoja, akatoka nje kukaa barazani.

Mvua ilikuwa inamwagika. Habari zikafika kwamba udongo umeporomoka barabarani, na Kajiru ameshuka kwenye gari, anapanda kilima kwa miguu. Naetwe akarudi ndani mbio. Elinami alikuwa amemwinua Mzee kifuani kwake ili amgeuze. Mzee akafumbua macho. Yalikuwa yametulia, lakini yalikuwa na ukungu wa dawa, yanaona umbo bila kuona sura. Akaupapasa ule mkono mpana uliomshika.

"Kajiru? Umekuja?"

Elinami akamtazama Naetwe.

Hapo nataka mtulie. Elinami alimtazama Naetwe kwa macho ya mtu anayeomba ruhusa. Naetwe aliisikia pumzi ya baba yake inavyokwama kooni. Angeweza kusema, "Siye, baba, bado yuko njiani." Angeweza kutikisa kichwa. Hakutikisa. Hakusema kitu.

"Nimekuja, baba," akasema Elinami.

"Lete mkono."

Elinami akatoa kiganja. Mzee akakitemea mate, kidogo tu, maana hayakuwamo mengi. Akakifumba kile kiganja kwa vidole vyake mwenyewe. "Nenda kaburini kwa mama yako ukamlilie. Nami nimekusamehe. Mle pamoja, wewe na dada yako." Akatabasamu. Naetwe hakuwa ameliona tabasamu lile tangu utotoni. Mzee akavuta pumzi, akaitoa, na hakuvuta nyingine.

Paa lilikuwa bado linadondosha maji Kajiru alipoingia, matope hadi magotini. Hakusalimu. Alipiga magoti, akaweka kiganja chake mbele ya midomo ya baba yake, akangoja. Alingoja sana. Naetwe ikabidi amweleze. Akamweleza habari za Damari, akamweleza habari za Foibe, akamweleza Elinami alivyoitika jina lisilo lake. Alimweleza yote isipokuwa kwamba Elinami alimtazama kwanza.

Wakazika. Ikaja siku ya blanketi. Watu wakajaa uwanjani. Naetwe akasimama katikati, blanketi mikononi, kidole chake kikiwa kwenye lile tundu la meno. Watatu wakasimama mbele yake. Elinami alikuwa amefunga mkono wake wa kulia kwa kitambaa.

Kajiru akaanza, macho mekundu. "Likunje turudi nyumbani. Huyu alimfanya baba yangu aache kula kwa ulimi wake, huyu akamlaza kabla sijafika, na huyu ameniibia. Kuna utunzaji hapo?"

"Mwache kila mmoja aseme," akajibu Mama Mzava.

Damari akasema: "Mimi nilivunja agizo, sikatai. Na ni kweli aliacha kula. Lakini nisingemwambia, angekufa akingojea kupanda tangawizi. Asingemwita mwanawe. Hayo maneno ya msamaha mnayoyagombania yasingekuwapo. Nilimpa kifo chake akishike mwenyewe."

Foibe akasema: "Alinikataza nami nikammiminia, hilo ni kosa langu na sitalificha. Lakini nyinyi hamkuzisikia kelele zile. Mtu aliyesahau jina lake angemsamehe nani? Damari alimpa habari, na habari haipunguzi maumivu. Nisingemtuliza, Kajiru angeweza kuingia saa ile ile na asikute baba, akute kelele tu."

Elinami akafungua kile kitambaa, akaonyesha kiganja. "Tangu siku ile sijakigusisha maji. Nakula kwa kushoto, watu wananicheka. Nilisema uongo kwa mtu anayekufa, na nilipokea kisicho changu. Lakini mlitaka nimwambie nini? Siye, ngoja kidogo? Pumzi ya kungojea hakuwa nayo." Akamgeukia Kajiru na kunyoosha mkono. "Kaka, baraka hii ni yako. Tuunganishe viganja uichukue."

Kajiru hakuupokea ule mkono. Aliutazama tu. "Nani alikuruhusu?"

"Niliamua mwenyewe," akasema Elinami, na hakutupa jicho upande wa Naetwe hata kidogo.

Naetwe angeweza kunyamaza tena. Kunyamaza alikuwa ameshakujua.

"Anadanganya," akasema. "Alinitazama kwanza, akaniomba ruhusa. Nami nilinyamaza."

Kajiru alimgeukia dada yake taratibu. Akaenda kusimama kando peke yake na kiganja chake kikavu. Baba mdogo akajikohoza, akasema: "Basi hata wewe huna haki ya kumvika mtu. Tukunje, twende."

"Hamwendi," akasema Mama Mzava.

Akajivuta hadi katikati, akishika ubavu. Ndipo Naetwe alipoona namna gauni lilivyomlegea, na namna funguo zilivyoshuka kutoka kiunoni hadi nyonga.

"Hamkuniuliza kwa nini naondoka. Siondoki. Nahama chumba tu. Hospitali imeniambia nami yale yale iliyomwambia Mzee Sekiete, na kitanda kile alichotoka ndicho nitakacholala mimi. Atakayevikwa blanketi hilo atakuwa na neno la mwisho juu yangu. Lile la kuambiwa au kufichwa, lile la kulazwa au kuachwa macho, na lile la kujibiwa nikiita asiyekuwapo. Nina binti yangu, na hatusemeshani. Nimemwita. Sijui kama atakuja." Akapumzika kidogo. "Hawa watatu nimewafundisha mimi, na nawapenda wote, ndiyo maana siwezi kuchagua. Mkilikunja blanketi, nyumba itafungwa, nami nitakwenda kufia kwangu peke yangu. Naetwe, mwanangu, wewe ndiye uliyeona. Nichagulie."

Naetwe akalikunjua blanketi. Likanuka sabuni, na chini ya sabuni likanuka baba yake. Akamtazama Damari, ambaye angemwambia Mama Mzava kila kitu, hata kile kitakachomkatisha tamaa. Akamtazama Foibe, ambaye asingemwacha aumie, hata akiomba kuachwa. Akamtazama Elinami, ambaye angeitika jina lolote atakaloitwa, na kesho yake akabeba lawama peke yake. Akamtazama na kaka yake kule kando, ambaye alikuwa amekifumba kile kiganja kitupu. Akapiga hatua mbele, blanketi limenyooshwa.

Mimi nilisimuliwa mpaka hapo. Wengine husema alimvika huyu, wengine husema alimvika yule, na wapo wanaoapa kwamba alilikunja akarudi nalo nyumbani. Siku zote wanagombana, na leo sitawaamulia, zamu ni yenu. Lakini msinijibu kana kwamba mnamchagulia Mama Mzava. Nijibuni kama mmelala nyinyi kwenye kitanda kile, macho yameingia ukungu, mkono mmoja umewashikilia na hamjui ni wa nani.

Je, nani alistahili?