Mwenyekiti Aliyeatamia

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na majiko, vitanda na mikutano mingi kuliko yetu sisi, kanga walipungua porini mpaka asubuhi zikawa kimya.

Fisi alihuzunika sana. Alihuzunika huku akichokonoa meno kwa kijiti. Akaunda Kamati ya Kuhifadhi Kanga, mwenyekiti yeye, katibu Mbweha. Kamati ikaanza kuwatembelea kanga majumbani, na kila ilikopita, kanga walizidi kupungua.

Akabaki Bi Madoa na mayai yake, aliyoyaficha kwenye nyasi ndefu. Dada zake wote walikuwa wameliwa, na yeye alijua fika nani kawala.

Siku moja akasikia hodi.

"Mama, tumesikia una mayai," Fisi alisema kwa sauti ya msibani, Mbweha akiwa nyuma yake. "Huku porini hakuna usalama. Kuna watu wabaya."

"Nimewasikia," alijibu Bi Madoa.

"Yalete kwangu. Nimejenga hifadhi uani, karibu na jiko."

Manyoya yalimsimama Bi Madoa. Akikataa ataliwa hapo hapo, akikubali yataliwa mayai.

"Nimefurahi mno, mzee," akasema. "Ila mnataka kuhifadhi mayai au vifaranga? Yai ni kitu kidogo. Kifaranga ana paja, ana kidari."

Mbweha akameza mate, gudu. Fisi akamkanyaga mguu.

"Vifaranga," akasema Fisi. "Kwa faida ya vizazi vijavyo."

"Basi lazima mtu aatamie. Mimi nimekonda, sina joto. Wewe una tumbo la kiongozi. Lakini sisi kanga tuna miiko yetu: anayeatamia hainuki, wala hayafunui mayai. Akiyafunua, yote yanaviza. Na katibu ampepee kutwa, joto lisizidi."

Kesho yake wanyama wote walifika uani kwa Fisi kwenye ufunguzi. Bi Madoa akaleta kikapu kilichofunikwa nyasi na manyoya yake. Fisi akaingiza ukucha chini ya nyasi, akagonga. Ko, ko.

"Mbona magumu hivi?"

"Ndiyo maganda ya kanga, mzee. Kwani hujawahi kuyagusa?"

Wanyama wote wakamgeukia. Kusema kweli Fisi alizoea kuyameza mazima mazima, hata kuyagonga hakuwahi.

"Mimi? Niyaguse wapi?" akajibu upesi, akakalia kikapu.

Mvua ikanyesha, akalowa. Jua likawaka, Mbweha akapepea mpaka mkono ukamvimba. Mke wa Fisi alimletea mumewe uji, akamtazama kwa kijicho.

"Wanao niliwazaa peke yangu, hukukaa nyumbani hata siku moja," alisema. "Leo unalea wa kanga."

Huko porini, bila kutembelewa na kamati, Bi Madoa aliatamia mayai yake kwa raha. Yakaanguliwa, chwi, chwi, chwi. Vifaranga wakala kumbikumbi, wakaota mbawa, wakajua kuruka mtini. Hapo mama yao akawaongoza mpaka kwenye mti ulioinamia ua wa Fisi, wakajipanga tawini. Wanyama wakakimbilia kutazama.

"Hao wametoka wapi?" Fisi aliuliza.

"Kwenye mayai, mzee."

Fisi akaparua nyasi za kikapu. Ndani mlikuwa na mawe ya mtoni, laini, yenye joto zuri. Akaruka kwa hasira kuufuata ule mti, lakini miguu ilikuwa imekufa ganzi. Akaanguka pu, juu ya katibu wake.

"Usijilaumu, mwenyekiti," Bi Madoa alimwambia kutoka juu. "Tangu kamati iundwe, hiki ndicho kipindi pekee mlichotuhifadhi kweli."

Wanyama wakapiga makofi, tena kwa moyo mmoja.

Basi, wanangu, mlinzi anayekupenda kwa tumbo lake, mtafutie kazi ya kukaa.