Kunde Zilizopitishwa Kikaangoni

Nyamazeni basi, ngano imebisha hodi. Mwambieni, "Karibu!"

Alikuwapo Mwanakheri, akanunua dukani kibaba cha kunde kavu za kupika. Nyingine akapika, nyingine akapanda, chache akaziweka; bustani ikajaa mboga. Mke mwenziwe, Mize, akamwomba mbegu. Mwanakheri, kwa choyo tu, akazikaanga kidogo zisiote, akampa huku akitabasamu.

Wallahi zikaota! Mize alipochuma mara ya kwanza, majani yakauliza, "Nani alitukaanga?" Mwanakheri akajifanya anakohoa. Mara ya pili yakauliza, "Nani alitukaanga?" Akajifanya anafukuza kuku. Mara ya tatu Mize akayapika, akampakulia mwenziwe kwanza. Sahani ikauliza, "Nani alitukaanga?"

Mwanakheri akarudisha tonge sahanini. "Ni mimi, Mize. Nisamehe."

"Nilijua, mwenzangu. Ulipozimimina kiganjani mwangu zilikuwa zingali na joto."

"Sasa mbona ulizipanda?"

"Ningezirudisha, ungeaibika. Kula, mboga inapoa."

Mwanakheri akala, machozi yanamdondoka. Majani yakanyamaza sahanini, yakaanza kuuliza tumboni mwake, na hayajaacha.

Ngano inaaga. Mwenye kikaango nyumbani na akakitazame.