Kigoda cha Mama Pimbi

Wewe unayecheka, kitu chako kilipovunjika ulikipeleka wapi? Haya, sikiliza. Hapo zamani za kale, wanyama wakiwa na nyumba na majiko kama sisi, kutupa kulipigwa marufuku.

Kiboko, mkuu wa nchi, ndiye aliyeleta Sera ya Duara: kilichovunjika kipelekwe ghalani kwake, kitengenezwe, kirudi kwa mwenyewe. Ilikuwa sera nzuri, haikuwa na kasoro yoyote ila aliyeishika.

Pimbi, mdogo kuliko wote, alipeleka kigoda cha marehemu mama yake, kilichovunjika mguu. Mama alikikalia miaka yote akimsuka, mpaka ubao ukabonyea. Upweke ukimzidi, Pimbi alikuwa akikaa palepale ulipobonyea.

Mvua zikaja, zikapita. Kila alipouliza, Kiboko alimwambia kigoda kiko njiani, mambo ya duara hayataki pupa. Pimbi alirudi, akafagia kando ya jiko, akapaacha wazi. Mgeni akitaka kuweka kikapu pale, humwambia, "Hapana, hapo pana mtu."

Kiboko naye kila wiki aliitisha semina ya kuisifu sera, na hakuna semina bila pilau. Siku moja Pimbi akachungulia mekoni. Kuni gani hizi zilizopigwa randa? Alingoja Kiboko ashibe, akasimama mbele ya wote.

"Mheshimiwa, nimekuja kuomba radhi. Kigoda changu ni cha mti mbaya. Kukikalia si neno. Lakini kikifanywa kuni, aliyekula chakula kilichopikwa kwa kuni hizo huota manyoya ulimini."

Kiboko akatoa ulimi polepole, akaupapasa.

"Dawa ipo?"

"Ipo, baba. Ila haimsaidii mtu mpaka ataje, mbele za watu, alichokichoma."

"Na kama hakuchoma kitu?"

"Basi hahitaji dawa. Nipe kigoda changu niende zangu."

Kiboko akameza mate, gudu! Akapapasa tena ulimi. Na Pimbi, wanangu, pamoja na ujanja wake wote, moyoni aliomba awe amekosea. Aliomba lile jitu ligeuke, liingie ghalani, litoke na kigoda, hata kama mguu bado haujaungwa.

Lakini sera haiungi mguu wa kigoda. Mikono ndiyo huunga.

"Nilikichoma," Kiboko akasema, macho chini. "Chako na vya wenzako. Sikutengeneza hata kimoja."