Moyo wa Mpuliza Siwa

Kabla hujaisukuma hii kwenye kundi jingine, isome kwanza. Nawajua nyie, mnatuma vitu hata hamjavifungua. Hii mimi nimeisoma nikairudia, na kuna mtu nimemkumbuka. Nadhani na wewe utamkumbuka wako.

Palikuwa na mji wa zamani wenye sultani, na sultani alikuwa na siwa. Siwa ni pembe kubwa ya kupulizwa, nzito, mtu huishika kwa mikono miwili. Bibi harusi wa nyumba ya sultani akitoka chumbani, lazima siwa ilie. Isipolia, hata kama ndoa imefungwa na pilau limeliwa, watu wa mji ule waliiona harusi haijatimia, na maneno hayaishi. Na siku ya harusi, mpulizaji akishainyanyua siwa, haruhusiwi kuiweka chini mpaka ilie. Akiiweka, heshima ile inatoka kwenye ukoo wake na kuhamia kwa mwingine.

Mpulizaji wa wakati huo aliitwa Vuai. Kazi aliirithi kwa baba yake, na pumzi alikuwa nayo, subhana Allah! Akipuliza yeye, mbuzi waliacha kula.

Basi siku moja, mchana kweupe, yuko uani kwake anafanya mazoezi, moyo ukaanza kwenda mbio. Hakukimbia, hakugombana na mtu. Vidole vikafa ganzi, kifua kikabana, jasho likamtiririka, akasema moyoni leo ndiyo leo, nakufa. Akakaa chini. Baada ya muda hali ikapita.

Lakini toka hapo, kila akiigusa siwa, hali ile inarudi. Ikafika mahali hata akisikia neno harusi mikono inatetemeka. Na Mwana Hidaya, binti wa sultani, alikuwa ameshaposwa na siku imeshatajwa.

Sasa waone wenzake. Katika mji ule, wanaume wakimwona mwenzao amelegea, dawa yao ilikuwa moja tu: kahawa. Kahawa chungu, nzito, yenye tangawizi. Wakamwita barazani.

"Kunywa bwana, ikaze moyo," akasema Haroub, binamu yake wa ukoo mwingine. Huyu ndiye ambaye siwa ingekwenda kwake kama Vuai angeshindwa.

Vuai akanywa. Moyo ukazidi kukimbia.

"Bado mlegevu huyu. Mwongezeeni!"

Wakamwongezea. Jamani, mtu moyo unamkimbia, nyie mnaupiga mijeledi! Na walifanya kwa mapenzi, ndiyo inayoniuma. Mwingine akasema ana jini. Mwingine akasema, "Jikaze, wewe si mwanamume?" Maskini akajikaza. Usingizi ukapotea, chakula kikamshinda, akawa anawafokea watoto wake kwa kosa la kucheka.

Mkewe, Mama Mize, akachoka kutazama.

"Baba Mize, leo tunakwenda kwa Bi. Kazija."

"Mimi sina wazimu."

"Nani kasema una wazimu? Ungevunjika mguu ungekwenda. Vaa viatu."

Akavaa. Kuna wanawake ukiambiwa vaa viatu, unavaa.

Bi. Kazija alikuwa tabibu, na wallahi laiti ningemkuta hai ningembusu mkono. Hakumcheka Vuai, wala hakumwambia ajikaze. Alimshika mshipa wa mkono, akakisikiliza kifua, akamtazama macho na ulimi, bila haraka.

"Moyo wako mzima, mwanangu."

"Bibi, mbona unataka kunitoka?"

"Baba yako alifariki lini?"

Vuai akashangaa. "Mwaka jana. Lakini hilo linahusu nini?"

"Ulimlilia?"

Vuai akaeleza kwamba alikabidhiwa siwa pale pale makaburini, udongo haujakauka, na wazee wakamwambia mpulizaji wa sultani halii. Kesho yake alikuwa anapuliza kwenye harusi ya watu. Akafika hapo kwenye maelezo. Akalia mbele ya mkewe na mbele ya tabibu, akalia kilio cha mwaka mzima. Hakuna aliyemnyamazisha.

Alipotulia, Bi. Kazija akasema, "Sikiliza. Ndani ya kila mtu Mungu ameweka mlinzi. Akiona hatari hupiga kelele, moyo ukaenda mbio ili mtu akimbie au apambane. Mlinzi wako amefanya kazi mwaka mzima bila kupumzika. Sasa hata paka akipita anapiga kelele, mwizi! Si mwendawazimu, na wewe si mwoga. Amechoka."

"Ana dawa?"

"Anayo. Na ya kwanza, hiyo kahawa ya barazani uiache, maana inamtia kiwewe."

Mama Mize akacheka kwa mara ya kwanza tangu masaibu yaanze.

Haikuwa kazi ya siku moja, msidanganyike. Asubuhi Vuai alitembea mpaka mashambani na kurudi. Alijifunza kuitoa pumzi polepole kuliko alivyoivuta, jambo ambalo yeye, mtu wa pumzi, alidhani analijua. Siwa aliambiwa aishike tu, asipulize, akae nayo mapajani mpaka hofu ije na iondoke yenyewe. Akishaizoea, apulize kidogo. Na kila wiki alirudi kwa Bi. Kazija kuzungumza habari za baba yake. Wako wagonjwa wengine ambao tabibu aliwapa na dawa ya kunywa, kwa sababu walihitaji. Vuai hakuihitaji.

Siku ya mwisho kabla ya harusi akamuuliza, "Bibi, hofu haitarudi tena?"

"Siwezi kukuahidi hilo. Ikirudi, usipigane nayo wala usiifiche. Iseme."

Siku ikafika. Ua wa sultani umejaa watu hadi ukutani. Mwana Hidaya amefunikwa, amesimama nyuma ya pazia la mlango, anangoja siwa ili atoke. Bibi harusi wa mji ule hasemi neno siku hiyo, hata akikanyagwa mguu.

Vuai akainyanyua siwa. Na hofu, kama mgeni asiyealikwa, ikaingia. Moyo, vidole, kifua, vyote kwa pamoja.

Akafanya jambo ambalo halijawahi kufanywa. Akaiweka siwa chini.

Ua mzima ukaguna. Haroub akawa ameshainuka, mkono umenyooka kuichukua.

"Maulana," Vuai akamwambia sultani, na sauti yake ilisikika mpaka mwisho wa ua, "nimeshikwa na hofu. Naijua, itapita. Naomba nisubiriwe."

Sultani akakunja uso. Mila ni mila, na watu wote walimtazama yeye. Akafungua mdomo aseme.

Lakini aliyesema hakuwa yeye. Sauti ilitoka nyuma ya pazia.

"Baba, mwacheni." Alikuwa Mwana Hidaya. "Hata mimi magoti yananicheza tangu alfajiri, pumzi sina, na wote mliokuja kunipamba hakuna aliyeniuliza. Nilidhani ni mimi peke yangu. Tumsubiri, na mimi nipate kukaa kidogo."

Loo! Bibi harusi kasema!

Sultani alimtazama mpulizaji wake, akalitazama pazia. Uso ukamlainika, macho yakamlowa mbele za watu, wala hakuyafuta.

"Mleteeni mwanangu kiti," akasema. "Na wewe Haroub, kaa chini."

Mji mzima ukakaa kimya ukiwasubiri watu wawili wapumue. Mama Mize alikuwa analia waziwazi, na mimi ningekuwepo ningelia naye. Kisha Vuai akainyanyua siwa tena. Mikono bado ilitetemeka. Akapuliza, nayo ikalia, na Mwana Hidaya akatoka kwa miguu yake mwenyewe huku vigelegele vikipasua anga.

Siwa haikutoka kwenye ukoo wa Vuai. Kilichobadilika ni mila yenyewe. Tangu siku ile, kabla siwa haijanyanyuliwa, mtu mzima mmoja huenda kwa mpulizaji, kisha kwa bibi harusi, na kumuuliza kila mmoja: "Moyo wako ukoje?" Na watu wote husubiri jibu.

Funzo: Wasiwasi uliozidi si aibu wala si udhaifu, ni ugonjwa na unatibika, mwenzako akikwambia moyo unamkimbia, usimwambie ajikaze, kaa naye, msikilize, umsindikize kwa tabibu.