Bafu la Darini kwa Bi Mwanaidi

Hapo zamani, wala si zamani ya majini, ni zamani ya juzi tu, bati lilipokuwa limekwisha kupanda milimani Usambaa, kulikuwa na mama mmoja aitwaye Bi Mwanaidi. Mnanisikiliza? Basi acheni kutafuna, maana mwishoni nitawauliza, na sitaki mtu aniambie hakusikia.

Bi Mwanaidi alikuwa mjane mwenye binti mmoja, Sauda, aliyeolewa ng'ambo ya bonde na mwalimu Hoza. Mimba ya kwanza ilipokua, Sauda akarudi kwa mama yake kujifungua, kama ilivyo desturi. Hapo ndipo shida ilipoanza. Masika yalikuwa yanakaribia, na masika yakishika, daraja la bondeni humezwa na maji. Hoza akiwa kule na uchungu ukianza huku, nani atambeba Sauda hadi zahanati, juu kabisa mlimani? Kaka hana, baba amefariki. Sauda alilia, tena alilia kwa hofu ya kweli.

Mtasema, "Si Hoza aje akae hapo?" Akae wapi? Nyumba ina bafu moja! Mkwe na mama mkwe wakutane mlangoni, huyu na ndoo, yule na taulo? Astaghafirulahi! Bi Mwanaidi hata usoni alikuwa hamtazami mkwewe. Akija, yeye macho chini, heshima imekaa mahali pake.

Bi Mwanaidi akafikiri, kisha akatazama juu. Juu ya vyumba palikuwa na dari alipohifadhi mahindi yake. Paa lenyewe lina mwinamo mkali kwa ajili ya mvua za kule. Katikati unasimama, pembeni unatambaa. Akasema mbele ya watu, "Chumba na bafu vitakuwa huko darini. Atakayemwezesha mkwe wangu kuishi chini ya paa hili bila aibu, huyo ndiye atakayempa mjukuu wangu jina."

Sasa, jina la mtoto wa kwanza ni haki ya upande wa baba. Hoza alipoletewa habari alisema, "Jina wachukue. Mimi nataka kuwa karibu na mke wangu."

Akaitwa fundi Shemhilu, hodari wa mbao na mabomba, mwili mdogo, mdomo mkubwa. Akapanda darini, akapima, akashuka.

"Bi Mwanaidi, mkwe wako ana urefu gani?"

"Nitajuaje mimi?"

"Si huja hapa mara kwa mara?"

"Huja. Nami hutazama chini, kama inavyonipasa. Namjua mpaka magotini."

"Na mpaka magotini yukoje?"

"Wa kawaida tu. Viatu vinang'aa."

Kwa nini wasimwulize Sauda? Kumwuliza binti habari za mwili wa mumewe mbele ya mama yake? Thubutu! Basi Shemhilu akajipima mwenyewe. Choo cha kukaa akakiweka katikati, pale paa lilipo juu, kikakaa kama kiti cha jumbe. Bomba la kuogea akalisukuma pembeni, paa linaposhuka, ili maji machafu yatoke ukutani kwa njia fupi. Akasimama chini ya bomba, kichwa kikapita. Akajisifu mpaka watu wakachoka.

Hoza akaja. Jamani, Hoza ni mrefu! Akiandika ubaoni, watoto wa mbele huumia shingo. Asubuhi akaingia kuoga. Chini wakasikia: ngo!

Maji yakaendelea kumwagika.

Halafu tena: ngo!

"Kuna nini huko, baba?" Bi Mwanaidi akauliza, akiongea na ukuta.

"Hakuna kitu, mama. Bafu zuri sana."

Ikawa kila asubuhi ngo, kila jioni ngo. Hoza akajifunza kuoga amepiga magoti. Mchana akashinda na kofia. Angelalamikaje? Ukweni huambii watu kwamba paa lao ni fupi.

Siku moja Sauda akamvua kofia. "Haya manundu ya nini?"

"Ya kazi tu, mke wangu."

"Kwani unafundisha kwa kichwa?"

Akapanda ngazi na tumbo lake, anahema, anapumzika, anapanda. Akalitazama lile bafu, akacheka, kisha akakasirika, akaagiza Shemhilu aitwe.

"Fundi, mtu huoga amekaa au amesimama?"

"Amesimama."

"Na pale chooni?"

"Amekaa."

"Mbona basi aliyekaa umempa paa refu, aliyesimama ukampa fupi?"

Shemhilu akaonyesha ukuta kwa kidole. "Mabomba, mwanangu. Njia ya mabomba..."

"Mabomba hayana kichwa cha kugonga. Yazungushe! Choo kipeleke pembeni, kitazame katikati, mtu akiinuka ainukie palipo juu. Bomba la kuogea lilete chini ya mgongo wa paa."

Shemhilu angeweza kusema, kazi yangu nimemaliza, kwaherini. Hakusema. Aling'oa vyote akaanza upya. Ili apitishe bomba la maji safi ilibidi apande juu ya bati lililolowa manyunyu, na huko akateleza, akaning'inia ukingoni akimwita mama yake. Wakamshusha, akanywa chai, akapanda tena. Alipomaliza, Hoza akasimama wima chini ya maji, akaimba. Hata Bi Mwanaidi, huko chini, akatabasamu na ukuta wake.

Masika yakashika. Daraja likamezwa. Asubuhi moja Hoza anaoga, povu tele kichwani, Sauda akapiga ukelele chini. Uchungu! Hoza akajifunga shuka, akashuka mbio. Bi Mwanaidi naye alikuwa anapanda mbio kumwita. Wakakutana ngazini, uso kwa uso! Ile aibu iliyokimbiwa siku zote ikawakuta na sabuni.

Bi Mwanaidi akainua macho. Akaona miguu, akaona magoti, akaendelea kuinua, na kuinua. "Yallah! Kumbe ndiyo maana ya ngo! Mbebe mwenzio, baba! Mbebe!"

Hoza akavaa upesi, akambeba Sauda mikononi, akapanda mlima kwenye matope. Bi Mwanaidi nyuma na mwavuli, nao ukamfika mkwewe begani tu. Zahanati wakaifikia, mtoto wa kike akazaliwa, na mama yake mzima. Mkunga akasema, "Mngengoja maji yapungue ili mume avuke, leo tungekuwa tunasema mengine." Bi Mwanaidi akakaa chini akalia kwa furaha.

Ikafika siku ya akika, mtoto anyolewe na kupewa jina. Shehe akauliza, "Jina anatoa nani?"

Bi Mwanaidi akasema, "Mimi. Paa ni langu. Mahindi yangu nimeyahamisha, panya wakafanya karamu. Na heshima niliyoilinda tangu Sauda aolewe, nimeiacha ngazini."

Shemhilu akasema, "Paa ulikuwa nalo siku zote, lilimwogesha nani? Mikono iliyojenga ni hii. Nimejenga mara mbili, nimening'inia mara moja!"

Sauda akasema, "Ulijenga mara mbili kwa sababu mara ya kwanza ulijijengea mwenyewe. Shauri ni langu. Na tumbo lililopanda kuja kulitoa ni langu."

Hoza akavua kofia. "Haki ya jina nilikuwa nayo, nikaiacha. Kisha nikalipa kwa kichwa. Siku ya kwanza ningesema bafu halinifai, ningerudi kwangu, na mvua zingenikuta ng'ambo. Aliyeishi chini ya paa bila kumwaibisha mwenye nyumba ni mimi."

"Ungesema siku ya kwanza," Sauda akamjia juu, "lingetengenezwa siku ya pili!"

"Haswaa!" akasema Shemhilu.

"Wewe nyamaza!" wakamwambia wote watatu.

Kelele zikapanda hadi darini. Mtoto amekwisha kunyolewa, mzuri, kipara kinang'aa, anamtazama huyu, anamtazama yule. Shehe ameinama sikioni pake, mdomo wazi, lakini la kumwita hana.

Haya, ninyi mliokula karanga zangu, msimwache shehe ameinama hivyo, mgongo utamuuma. Mwenye paa, mwenye mikono, mwenye shauri na mwenye manundu: je, kumpa mtoto huyu jina nani alistahili?